Baharia Naye Apumzike

Vijana wengi wa Kigoma na Ujiji wanaijua kazi ya maji. Wanapakia mizigo mwaloni Kibirizi, wanaendesha boti usiku, wanavuka hadi Kongo na Burundi. Wengine wanatamani meli kubwa za baharini. Hebu tuzitazame sheria za kazi hiyo.

Zamani kila nchi ilifundisha mabaharia kwa kipimo chake. Mwaka 1978 mataifa yalipatana huko London juu ya mafunzo, na mapatano yakaanza kutumika 1984. Baharia lazima ajifunze kuzima moto, kujiokoa majini na kutoa huduma ya kwanza, ndipo apate cheti. Kujua kuogelea tu hakutoshi. Hapa nchini mafunzo hayo hutolewa na Chuo cha Bahari Dar es Salaam.

Mwaka 2006 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba mwingine, wa hali ya kazi melini. Tanzania iliuridhia mwaka 2019. Baharia apumzike saa zisizopungua 10 katika kila saa 24, maana mwenye usingizi hawezi kushika usukani. Mshahara ulipwe kila mwezi. Mapatano ya kazi yawe ya maandishi, naye apewe nakala. Ndugu, soma kila mstari kabla ya kutia sahihi!

Tena, ni marufuku kumlipisha baharia ada ya kumtafutia kazi. Yeye hulipia cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasi, basi. Dalali akitaka uuze ng'ombe ili "akuingize melini", huyo anakula jasho lako.

Lakini mikataba hii ni ya meli za baharini. Ziwa Tanganyika halimo. Hata Liemba, meli kongwe iliyoshushwa majini hapa Kigoma mwaka 1915, haimo. Ziwani tunafuata sheria za nchi yetu, na shirika la TASAC ndilo hukagua vyombo.

Sisi tunaona pengo hilo si dogo. Maji ya ziwa huua kama ya bahari. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria ikiwa imejaza kupita kiasi, wakafa mamia ya watu. Na kwenye boti za mizigo, nani anapumzika saa 10? Mwenye boti anaweza kuanza leo: awe na watu wawili wa kupokezana usukani, maboya ya kutosha watu wote, na karatasi ya mapatano ya mshahara.