Mpox Kongo: Kwa nini matangazo ya viongozi hayafiki zahanati

Septemba 5, 2025, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitangaza kuwa mpox si tena dharura ya kiafya inayoutisha ulimwengu. Kwa wakazi wa Kivu Kusini, mkoa wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo unaopakana na Burundi na Rwanda, tangazo hilo halikuwa na maana kwamba ugonjwa umetoweka, wala kwamba zahanati zimepata dawa. Umbali huo kati ya kauli za wakubwa na hali halisi vijijini ndio unaowakasirisha wengi.

Mtu wa kwanza kujulikana kuugua mpox alikuwa mtoto nchini Kongo, mwaka 1970. Ugonjwa ulipoenea Ulaya na Marekani mwaka 2022, WHO ilitangaza dharura, na chanjo zikatolewa huko mwaka huohuo. Kongo, ambako watu waliendelea kuugua kwa miongo mingi, haikupata.

Septemba 2023, aina mpya ya kirusi ilianza kuenea Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu huko Kivu Kusini. Katikati ya mwaka 2024 ilikuwa imeshavuka mipaka na kuingia Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. WHO ilitangaza dharura ya pili Agosti 14 mwaka huo. Shehena ya kwanza ya chanjo ilitua Kinshasa Septemba 5: karibu dozi 100,000, kwa nchi yenye watu zaidi ya milioni 100.

Ucheleweshaji huo hauna mkosaji mmoja. Marekani ilikuwa imeiidhinisha chanjo hiyo tangu 2019, na nchi tajiri zilikuwa na akiba yake. WHO iliipa kibali chake Septemba 2024 tu, ilhali ununuzi wa chanjo kupitia mashirika ya kimataifa kwa kawaida husubiri kibali hicho. Kongo yenyewe iliiruhusu Juni 2024, miezi tisa hivi baada ya mlipuko kuanza. Kila ofisi ilifuata taratibu zake. Mgonjwa ndiye aliyesubiri.

Kutangaza dharura, aidha, si sawa na kutoa fedha. Tangazo la WHO huzitahadharisha serikali na kuziomba zishirikiane, lakini halizilazimishi kuchangia. Januari 2025, Marekani ilisitisha misaada yake ya nje. Mwezi huohuo waasi wa M23 waliingia Goma, na baadhi ya wagonjwa wa mpox waliokuwa wametengwa wakakimbia vituo vya matibabu. Mwezi uliofuata Bukavu nayo ikaanguka.

Wakati wanasiasa wakijadili dharura moja baada ya nyingine, magonjwa ya kila siku hayapumziki. Kongo ni ya pili duniani, baada ya Nigeria, kwa idadi ya wagonjwa wa malaria. Surua na kipindupindu hurejea mara kwa mara. Katika hospitali nyingi mgonjwa hulipia matibabu mwenyewe, na chakula huletwa na jamaa zake. Mama mwenye mtoto mwenye homa hupima kwanza kilichomo mfukoni kabla ya kupima joto la mtoto.

Aprili 2001, viongozi wa Afrika waliokutana Abuja waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa ajili ya afya. Zaidi ya miaka 20 baadaye, ni nchi chache tu zilizowahi kufikia kiwango hicho.

Madhara ya ahadi zisizotimizwa huonekana pale mlipuko mpya unapotokea. Mtu aliyekwenda zahanati mara tatu akakosa dawa hatakwenda mara ya nne kuonyesha vipele, na kirusi huendelea kusambaa nyumbani kwake. Ndiyo maana dawa ya malaria kwenye rafu ya zahanati ni sehemu ya vita dhidi ya mpox: ndiyo inayomfanya mgonjwa aamini kuwa kwenda huko kuna faida.