Namna ya Kuhesabu Ndege wa Pori

Mu migini mingi ya Katanga, upande wa Likasi, Kambove na Kipushi, maneno haya yanasikiwa kila mwaka. Muwindaji anarudi jioni na kwale mumoja tu, anasema: «Kwale wamekwisha. Wachoma makala wamekata miti yote.» Muchoma makala anamujibu: «Kwale hawakukimbia shoka langu. Wameingia katika mitego yako.» Muzee anasema zamani kwale walikuwa wengi kama muchanga. Kijana anasema bado wako, jana asubuhi amesikia sauti zao. Watu wane, maneno mane, na katika wote hakuna aliyehesabu.

Jambo hili si dogo. Kwale na kanga ni nyama ya nyumba, tena ni franka, kwa sababu watu wa migodi wananunua nyama ya pori. Kama ndege wanapunguka kwa ajili ya mitego, inafaa kupumzisha mitego. Lakini kama wanapunguka kwa sababu musitu unakatwa, kupumzisha mitego peke yake hakutawarudisha, nanyi mutajinyima nyama bure. Ni lazima kujua kwanza.

Labda utasema: nani anaweza kuhesabu ndege? Mbuzi wanapita mulango wa zizi mumoja mumoja. Ndege anaruka, anajificha katika majani, na yule uliyemuhesabu hapa anatua kule, unamuhesabu mara ya pili. Ni kweli. Kwa hiyo watu wa hesabu hawajaribu kuhesabu ndege wote. Wanahesabu sehemu ndogo, lakini vizuri, halafu kwa sehemu ile wanatafuta hesabu ya wote. Mama anayepika muchuzi hanywi chungu kizima kwa kujua chumvi. Anaonja kijiko kimoja. Lakini anakoroga kwanza, kwani asipokoroga chumvi inabaki chini na kijiko kinamudanganya.

Musitu hauwezi kukorogwa. Badala ya kukoroga tunapiga kura. Wewe ukichagua mwenyewe mahali pa kuhesabu, utakwenda kwenye njia ya shamba, ao karibu na maji, ao pale ulipoua kwale wengi mwaka jana. Hapo utahesabu wengi na kufikiri musitu mzima ni vile. Basi, chora inchi ya mugini juu ya karatasi, uikate kwa viwanja sawasawa, ukipe kila kiwanja namba yake. Andika namba zile juu ya vikaratasi, uvitie ndani ya kikapu, mutoto afumbe macho avute 10. Kiwanja kilichovutwa ni lazima ukiendee, hata kama ni mbali, hata kama ni miiba mitupu. Kura haijui miiba.

Katika kila kiwanja utatembea mustari mumoja wa kilometa 1, ulionyoka, usiofuata njia ya watu. Kwa kupima kilometa, funga kitambaa katika gurudumu la kinga ya makala, ulisukume mara moja juu ya inchi iliyo sawa, upime hatua ile kwa kamba ya meta; halafu utahesabu mizunguko. Pahali kinga haiwezi kupita, tumia kamba yenyewe. Kazi ifanywe asubuhi, jua likianza kutoka, siku isiyo na mvua wala upepo mukali. Watu wawili wanatosha: mumoja kutazama, mwingine kuandika. Mbwa abaki nyumbani.

Ukiona kwale, simama. Angalia mahali alipokuwa ulipomuona mara ya kwanza, si mahali alipokimbilia. Pima umbali toka mahali pale mpaka kwenye mustari wako, kwa njia ya mukato. Si umbali wa ndege na wewe mwenyewe, ni umbali wa ndege na mustari. Watu wengi wanakosa hapa na hesabu yao yote inaharibika.

Sasa tufanye mufano. Inchi ya mugini ni kilometa 4 kwa 5, ni hektari 2000. Umetembea mistari 10, na ukahesabu ndege walio chini ya meta 50 kila upande. Mustari mumoja unafanya hektari 10, na mistari yote 10 inafanya hektari 100. Umeona kwale 30. Kati yao 12 walikuwa chini ya meta 10 toka mustari, 8 kati ya meta 10 na 20, 5 kati ya 20 na 30, 3 kati ya 30 na 40, na 2 tu kati ya 40 na 50.

Tazama vizuri hesabu hii, kwani siri yote iko hapa. Je, kwale wanapenda kukaa karibu na mustari wako? Hapana, jana hawakujua utapita wapi. Kwa hiyo mbali ni lazima wawe wengi sawa na karibu, ila macho yako hayakuwaona. Kama karibu kabisa hakuna aliyekupita, basi kila kipande cha meta 10 kilikuwa na ndege kama 12. Vipande ni 5: mara 12 ni 60. Umeona 30, wako 60. Nusu ilikaa kimya ndani ya majani. Ndiyo maana kupima umbali si mapenzi ya kusumbua watu. Bila umbali huwezi kuwajua wale usiowaona.

Hektari 100 zina kwale 60, na hektari 2000 ni mara 20, ndio kwale 1200. Lakini usiende sokoni ukitangaza 1200 kama vile umewafunga kamba muguuni. Mistari yako 10 ilitoa hivi: 1, 0, 6, 3, 2, 5, 0, 8, 4, 1. Kama ungetembea mustari wa nane tu, ungesema mugini una kwale 3200. Kama ungetembea wa pili tu, ungesema hakuna hata mumoja. Mistari ikitofautiana sana hivi, hesabu ya mwisho ni ya kukadiri, inaweza kuwa pungufu ao zaidi kwa mia nyingi. Ukitaka iwe karibu zaidi na kweli, ongeza mistari. Kurefusha mustari mumoja hakusaidii sana, kwani unabaki katika musitu ule ule mumoja.

Turudi kwa muwindaji na muchoma makala. Wapige kura mara mbili: mistari 10 katika musitu uliokatwa, na 10 katika musitu uliobaki. Kama kwale ni wengi katika musitu uliobaki na wachache katika uliokatwa, maneno ya muwindaji yanapata nguvu. Kama katika musitu mzima pia ni wachache karibu na mugini, lakini wanaongezeka ukienda mbali na mitego, muchoma makala naye si mwongo. Mara nyingi, kwa wazo langu, wote wawili watakuwa na haki kidogo.

Hesabu ya mara moja haisemi kama ndege wanapunguka. Ni lazima kurudia kila mwaka, mistari ile ile, mwezi ule ule, saa ile ile. Ukihesabu mwaka huu wakati wa kiangazi, majani yameungua na ndege wanaonekana, na mwaka ujao wakati wa mvua majani marefu, utalia kwamba wamekufa, kumbe wamefichwa tu. Kule Marekani zamani watu walikuwa na desturi ya kutoka siku ya Noeli kwa kushindana nani ataua ndege wengi. Mwaka 1900 Frank Chapman aliwaomba wahesabu badala ya kuua. Siku ile walitoka watu 27. Kazi ile inafanywa kila mwaka mpaka leo, na kwa daftari zake wanajua ndege gani wanazidi na gani wanapotea.

Kuna njia nyingine, ya alama. Uijaribu kwanza nyumbani. Chukua kikapu cha maharagwe meupe usiyoyahesabu. Toa 40, uyapake makala, uyarudishe, uchanganye sana. Sasa, bila kutazama, toa 50. Tuseme 8 yana alama. Basi 40 katika kikapu ni kama 8 katika 50: mara 40 kwa 50 ni 2000, ugawe kwa 8, ni 250. Halafu hesabu kikapu kizima, utaona huko mbali na kweli. Ila kama mutoto amekula mengine katikati, ao alama imefutika, hesabu inadanganya. Kwa njia hii, mwaka 1930, Frederick Lincoln alikadiri mabata ya Amerika ya Kaskazini: mabata yalivikwa pete za chuma muguuni, na wawindaji walirudisha pete za yale waliyoyaua.

Hata kwetu ndege wengine wanapita na pete, kama korongo weupe wanaotoka Ulaya. Ukiipata pete, usiifanye pambo la mukufu kwanza. Andika herufi na namba zake zote, siku na mahali, umupe mwalimu azitume kwa wale ambao jina lao limechorwa juu yake. Ndege akiwa muzima, soma pete tu, umuache aende nayo.

Neno la mwisho ni juu ya sifuri. Mustari usio na ndege uandikwe 0, usiachwe wazi, kwani 0 ni habari kama 8. Lakini kutoona si kutokuwako. Pale Mwadingusha, muto Lufira ulipozibwa kwa kupata umeme wa migodi, kuna ziwa Tshangalele. Katika matete yake anakaa ndege mudogo wa manjano, mwenye uso mweusi, anayesuka kiota. Mumoja alikamatwa mwaka 1960, na mwaka 1982 wenye elimu walimupa jina lake, Ploceus ruweti. Miaka ilipita bila habari yake, mpaka mwaka 2009 walipomuona tena kwenye ziwa lile lile. Kwa hiyo mu daftari lako, karibu na kila 0, andika pia nani alitazama, kwa saa ngapi, na majani yalikuwa marefu namna gani.