Chanda Chema na Pete Iliyochelewa

Wahenga walinena: chanda chema huvikwa pete. Mwaka 2002, Rais George W. Bush wa Marekani alimvika Hank Aaron, mchezaji mstaafu wa besiboli, Nishani ya Uhuru ya Rais, iliyo miongoni mwa heshima za juu kabisa apewazo raia nchini humo. Nasi twasema alistahili. Lakini twakumbuka pia kwamba kabla ya kuvikwa pete, chanda hicho kilitishiwa kukatwa.

Aaron, Mmarekani mweusi, alizaliwa Mobile, Alabama, mwaka 1934, mwana wa mfanyakazi wa karakana ya meli. Alipoikaribia rekodi ya Babe Ruth, Mzungu, ya mapigo makuu 714, yale yamwezeshayo mpigaji kuzunguka kiwanja kizima kwa pigo moja, alimiminiwa barua za matusi na vitisho vya kuuawa, kwa sababu ya rangi yake tu. Yeye alijibu kwa kazi. Tarehe 8 Aprili, 1974, mjini Atlanta, alipiga la 715. Akastaafu mwaka 1976 akiwa na 755. Barua zile alizihifadhi.

Aliaga dunia mwaka 2021. Nishani ni njema, lakini haifuti barua. Taifa limpendalo mfanyakazi wake humlinda angali akitokwa jasho. Halingoji astaafu ndipo limvike pete.