Si Ombi la Sadaka

Mwaka 1962, Ed Roberts, kijana aliyepoozwa na polio tangu umri wa miaka 14, na ambaye usiku alilala ndani ya mtungi mkubwa wa chuma uliomsaidia kuvuta pumzi, aliingia Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, akapewa makao hospitalini mwa chuo, kwani mabweni hayakuweza kuupokea mtungi ule. Idara ya serikali ya jimbo iliyowasaidia walemavu kusoma ilikuwa imemhukumu kwamba hatafaa kwa kazi yoyote. Naye, mwaka 1975, akateuliwa kuwa mkurugenzi wa idara iyo hiyo.

Walichokipigania yeye na wenzake leo ni sheria. Kifungu cha 504 cha sheria ya mwaka 1973, ambacho kanuni zake zilitiwa saini mwaka 1977 baada ya walemavu kulikalia jengo la serikali mjini San Francisco kwa zaidi ya majuma matatu, chakataza chuo kipokeacho fedha za serikali ya Marekani kumbagua mwanafunzi kwa ulemavu wake. Na kijana atokaye Tanga au Mombasa kwenda kusoma huko yumo katika hifadhi hiyo, wala uraia wake hauulizwi.

Liko jambo moja, hata hivyo, linalowaponza wengi. Katika shule za huko ni wajibu wa shule kumtambua mtoto mwenye haja. Chuoni mambo hupinduka, na asiyesema hajulikani. Yampasa mwanafunzi aende mwenyewe, hima, ikiwezekana kabla ya muhula kuanza, kwenye ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu, na cheti cha tabibu kisichotaja jina la maradhi tu, bali kieleze yanayomzuia: kwamba macho huchoka baada ya kurasa chache, au mkono hauwezi kuandika kwa saa nzima. Kisha hushauriana: muda wa ziada wa mtihani, mkalimani wa lugha ya alama, vitabu vya nukta nundu, mwandishi wa kumnakilia masomo. Wahadhiri hupelekewa barua, ambayo aghalabu haitaji maradhi yenyewe.

Naijua haya imkaayo kifuani mtu aliyezoea kuonwa kuwa ni mzigo, wala simlaumu anyamazaye. Lakini kunyamaza kwamdhulumu, maana mtihani uliofanywa kabla ya ombi kwa kawaida haurudiwi. Chuo hakilazimiki kupunguza kiini cha somo. Lakini kikimnyima haki yake, aweza kuishitakia Ofisi ya Haki za Kiraia ya Wizara ya Elimu, bila wakili, katika muda wa siku 180.