Kampala au Nairobi? Hesabu ya marafiki wawili wa Busia

Mkazi wa Busia akipata siku tatu za mapumziko na rafiki wa kuandamana naye, swali ni moja: twende Nairobi au tuvuke? Nairobi ndiyo mji mkuu wetu, lakini iko zaidi ya kilomita 430 kutoka hapa. Kampala ni mji mkuu wa jirani, na safari yake ni kama kilomita 200 tu. Wa Malaba wana hesabu inayokaribiana na yetu, ila wao hupitia Tororo, na barabara zetu hukutana kabla ya kufika Bugiri.

Mimi na rafiki yangu wa tangu shule ya upili tumekwenda kote kuwili katika mwaka mmoja. Kila mji tulilala siku mbili, na kila shilingi iliyotoka mfukoni tuliiandika daftarini. Bei ninazozitaja hapa ni zile tulizolipa sisi. Nauli hupanda sikukuu zikikaribia, kwa hiyo uliza stendi kabla ya kufunga mzigo.

Tuanze na Kampala. Tulivuka kwa miguu, tukapanda matatu upande wa pili (wenyewe huiita takisi) kwa shilingi 30,000 za Uganda kila mtu. Kwenda na kurudi, 60,000. Chumba cha vitanda viwili kilikuwa 80,000 kwa usiku mmoja, tukagawana, kwa hiyo kila mmoja alilipa 80,000 kwa siku zote mbili. Chakula kilikula 60,000 kila mtu, na viingilio pamoja na usafiri wa mjini 60,000 nyingine. Jumla ni 260,000 za Uganda. Ukibadilisha kwa 28, hiyo ni kama shilingi 9,300 za Kenya.

Nairobi, basi lilikuwa 1,500, kwenda na kurudi 3,000. Chumba cha 2,500 tuligawana, kila mtu 2,500 kwa siku mbili. Chakula 2,300, viingilio na matatu za mjini 2,500. Jumla 10,300.

Kwa hiyo tofauti ni shilingi elfu moja. Watu wengi hapa huamini kwamba Kampala ni nusu ya gharama za Nairobi, na mimi nilikuwa mmoja wao. Daftari letu linasema si kweli. Tena hata hiyo elfu moja ni rahisi kuipoteza kabla hujafika Bugiri, maana pesa huvuja pale pale mpakani. Safari yetu ya kwanza, miaka ya nyuma, nilibadilisha pesa kwa kijana aliyekuwa amesimama barabarani na bunda mkononi. Alinipa 26 kwa kila shilingi ya Kenya, na noti alizihesabu kwa kasi iliyonitoa macho. Kwa bei hiyo, zile 260,000 zinakugharimu shilingi 10,000 kamili za Kenya. Yaani nyingi ya faida uliyofuata Kampala umemwachia mtu usiyemjua. Siku hizi tunaingia duka la kubadilisha fedha lenye leseni, tunapiga hesabu kwa simu zetu wenyewe, na pesa zetu hazitoki mkononi mpaka tumezihesabu zao.

Jambo la pili la mpakani ni karatasi. Tangu 2014 Mkenya anaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa, na kituo cha pamoja cha Busia kilichozinduliwa Februari 2018 kimepunguza kazi: unahudumiwa na maafisa wa nchi zote mbili katika jengo moja, lile la nchi unayoingia. Kwa hiyo sioni sababu ya mtu kupita njia za panya eti kuokoa nusu saa. Ukikutana na kizuizi cha polisi barabarani bila kuandikishwa popote, hiyo nusu saa utailipa kwa siku nzima. Karatasi utakayopewa itunze mpaka urudi, na kadi ya njano ya chanjo ubebe, maana maafisa wa afya huweza kuiuliza. Wa Malaba wasitishwe na foleni ya trela: mwenye miguu na begi moja huipita ilivyo. Anayeteseka nayo ni aliyekaa ndani ya basi.

Kinachobadilisha hesabu zaidi ni kwamba mko wawili. Boda boda, usafiri ambao jina lake lilizaliwa papa hapa mpakani enzi za baiskeli za kuvusha watu, humfaa mtu aliye peke yake. Mkiwa wawili mnalipa boda mbili, na mara nyingi tulikuta gari la kuitwa kwa simu, tukigawana, linakaribia bei hiyo hiyo, tena mnazungumza njiani. Chumba nacho mtu mmoja hukilipa chote. Mimi nikienda Kampala peke yangu, gharama hupanda kwa 80,000 za kitanda kilicholala kitupu.

Mnapata nini kwa pesa hizo? Kampala vitu viko karibu karibu, kilima kwa kilima. Jumba la makumbusho la Uganda lilianzishwa 1908 na ndilo kongwe Afrika Mashariki. Kwenye makaburi ya Kasubi wamelazwa makabaka wanne, yaani wafalme wa Buganda. Nyumba yake kuu ya nyasi iliteketea Machi 2010 ikajengwa upya, na UNESCO ikayatoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023. Kwenye msikiti mkuu wa Old Kampala mnapanda mnara na kuuona mji wote chini yenu. Rafiki yangu, ambaye ngazi hazipendi, alisema hapo ndipo pesa yake ilipotulia. Wanawake mbebe leso zenu kutoka nyumbani, mtazihitaji msikitini na Kasubi pia. Na kila mlangoni tangulizeni kitambulisho, kwa sababu sehemu nyingi zina bei ya mgeni wa mbali na bei ya mtu wa Afrika Mashariki, na karani hawezi kuisoma usoni pako.

Njia yenyewe ni sehemu ya matembezi. Jinja mnavuka Nile kwenye daraja jipya la 2018 (simu ziwe mfukoni, askari hawapendi picha pale), kisha msitu wa Mabira, na pale Najjembe wauzaji wanakimbilia dirishani na kuku wa kijiti na gonja za kuchoma. Hicho ndicho chakula cha mchana cha bei nzuri kuliko vyote tulivyonunua.

Nairobi inataka mpango zaidi. Mbuga ya wanyama iliyo mlangoni mwa jiji, ya tangu 1946, ni fahari ya kweli, lakini juu ya kiingilio mnahitaji gari, na gari likigawanywa kwa watu wawili tu bado ni zito. Sisi tulipanda matatu ya Rongai, namba 125, tukashuka lango la Barabara ya Lang'ata na kuingia kwenye makao ya wanyama yatima, ambako mnatembea kwa miguu. Siku ya pili tuliitoa yote kwa makumbusho ya taifa, kumwona yule mvulana wa Turkana aliyefukuliwa 1984, na sijutii hata dakika moja.

Ushauri wangu basi unategemea kitu kimoja: mna mwenyeji? Mkiwa na dada au shangazi Nairobi wa kuwalaza, zile 2,500 za chumba zinabaki na chakula kinapungua. Hata mkimpelekea omena na samaki wa kukaushwa wa mia nane, kila mmoja anaweza kurudi ametumia kama 8,000, na Kampala haiwezi kushindana hapo. Bila mwenyeji, vukeni. Saa tano barabarani badala ya tisa ni jioni nzima mliyoiokoa ya kutembea, na mfuko nao haujaumia.

Ila msipange Kampala wiki ya Juni 3 kama hamwendi kuhiji Namugongo. Vyumba hujaa mahujaji, na wapo wanaofika kwa miguu kutoka huku kwetu.