Tambi za kioo: Jinsi ya kuzipika bila kuzigeuza uji

Na MWANDISHI WETU

TAMBI za kioo, ambazo hung'aa mithili ya kioo pindi ziivapo, hupikwa kila siku katika nyumba nyingi za bara Asia. Hata hivyo, anayezichemsha kwa muda mrefu kama spageti huishia kupakua bonge linalonata.

Sababu ni namna zinavyotengenezwa. Tambi tulizozoea, zikiwemo zile ambazo watu wa Pwani huzipika kwa sukari na iliki wakati wa Ramadhani, huundwa kwa unga wa ngano. Za kioo huundwa kwa wanga mtupu. Nchini China, hasa katika mkoa wa Shandong, wanga huo hutolewa kwenye pojo, ambazo Wakenya wengi huziita ndengu. Wakorea hutumia viazi vitamu.

Wanga hukandwa na kusukumwa kupitia matundu madogo hadi ndani ya maji yanayochemka, kisha nyuzi hupozwa na kukaushwa. Kwa hivyo, tambi hizi hufika jikoni zikiwa zimekwisha kuiva. Kazi ya mpishi ni kuzirejeshea maji tu.

Kuloweka

Za pojo, ambazo ni nyembamba, ziweke kwenye bakuli na uzimwagie maji moto yaliyoepuliwa mekoni. Ziache kwa dakika 5 hadi 10, kisha uzichuje na kuzisuuza kwa maji baridi ili zisishikane. Za viazi vitamu ni nene, hivyo zichemshe kwa dakika 6 hadi 8. Zikate kwa makasi ili zipakulike kwa urahisi.

Upishi

Mlo wa Wakorea uitwao japchae unafaa kwa anayeanza. Kwa walaji wanne, tayarisha gramu 200 za tambi za viazi vitamu, karoti mbili, kitunguu kimoja, fungu la mchicha, punje mbili za kitunguu saumu na nyama kidogo iliyokatwa vipande vyembamba.

Kaanga nyama pamoja na kitunguu saumu hadi iive, uitoe. Kaanga kila mboga peke yake, kwani karoti huchelewa kuiva ilhali mchicha hunywea mara moja. Hatimaye tia tambi kwenye kikaangio pamoja na vijiko vitatu vya sosi ya soya, kijiko kimoja cha sukari na kimoja cha mafuta ya ufuta. Geuza kwa dakika mbili, kisha uchanganye na vilivyotangulia.

Ukipika supu, tia tambi dakika chache kabla ya kupakua. Zikilala ndani ya sufuria, zitainywa supu yote.

Lishe

Usidhani kwamba tambi za pojo zinaweza kushika nafasi ya ndengu mezani. Protini huondolewa wakati wa kutoa wanga. Gramu 100 za tambi kavu huwa na takriban gramu 86 za wanga, na protini isiyofika gramu moja. Ndiyo sababu hupikwa kwa nyama, mayai au maharagwe ya soya, na mgonjwa wa kisukari apime kiasi anachokula.

Kwa wale ambao miili yao haistahimili ngano, tambi hizi ni afueni. Lakini wawe waangalifu: sosi nyingi za soya hutengenezwa kwa ngano. Ni muhimu kusoma maandishi ya pakiti na ya chupa pia kabla ya kununua.