Tumchagulie Binti Shule, Tusimchagulie Jina
Kila mwaka, wanafunzi wa kidato cha nne wanapojaza fomu ya machaguo, majina ya Kilakala, Msalato na Tabora Wasichana hutangulia. Ni shule za serikali za vipaji maalumu, na sifa zao si za bure. Lakini vitanda vya bweni vina hesabu, na waombaji ni wengi.

Tunawasihi wazazi waketi na binti zao kwanza. Je, tahasusi anayoitaka inafundishwa hapo? Wenzake husali wapi? Daku na futari hupatikanaje?

Akipangiwa shule nyingine, aende. Asizuiliwe nyumbani kwa kusubiri iliyokosekana. Kutafuta elimu ni faradhi. Kutafuta jina si faradhi.